Kabla ya kufukuzwa, nani amemsikiliza? Mipaka ya Burundi na haki ya mgeni

Nyakabiga, mtaa wetu wa Bujumbura, haipakani na nchi yoyote. Upande mmoja kuna kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, upande mwingine kuna Bwiza, na kizuizi cha Gatumba, pale msafiri anapoiaga Burundi kuelekea Kavimvira na Uvira, kiko nje ya mji. Hata hivyo mpaka umo ndani ya nyumba zetu. Umo katika daftari la kaya, ambamo mwenye nyumba anatakiwa kuandika jina la kila anayelala kwake: watoto, mpangaji, mfanyakazi wa ndani, mwanafunzi aliyekodi chumba cha uani, na mgeni aliyefika jana kutoka Uvira. Tangu machafuko ya 2015 juu ya muhula wa tatu wa rais, ambayo mitaa hii iliyaonja kuliko mingi, daftari hilo limekuwa jambo la kwanza kuulizwa msako unapobisha hodi alfajiri. La pili ni karangamuntu. Asiyeandikwa na asiye na kitambulisho ana dakika chache za kujieleza mbele ya watu wasio na muda wala mamlaka ya kupima anachosema.

Hapo ndipo suala lote la mipaka linapokutana na mtu mmoja mmoja, na hapo ndipo tunapaswa kulijadili. Tumebishana sana kuhusu kufunga na kufungua. Tumebishana kidogo mno kuhusu nani amsikilize mtu kabla hajarudishwa alikotoka.

Pande mbili za ubishi wetu zote zina watu wenye machungu ya kweli. Wanaotaka mipaka ikazwe huanza na Gatumba yenyewe. Usiku wa Agosti 13, 2004, wakimbizi wa Kikongomani zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa katika kambi iliyokuwa hapo, kilomita chache tu kutoka nchi waliyoikimbia. Desemba 22, 2023, watu 20 waliuawa Vugizo, eneo hilohilo la Gatumba, katika shambulio lililokiriwa na kundi la RED-Tabara. Serikali ya Burundi iliilaumu Rwanda kwa kulisaidia kundi hilo, Rwanda ikakana, na Januari 11, 2024 mipaka ya nchi kavu kati ya nchi hizi mbili ikafungwa tena, baada ya kufunguliwa Septemba 2022. Aliyezika ndugu yake Vugizo hahitaji kufundishwa na mtu kwa nini dola hulinda mipaka yake.

Upande wa pili huanza na maisha ya kila siku. Familia za bonde la Rusizi ziko huku na ng'ambo. Mawese, samaki na vitambaa vimevuka hapa tangu kabla hapajawa na kizuizi. Wanafunzi wa Uvira na Bukavu wamesoma Bujumbura na kupanga vyumba Nyakabiga kwa vizazi kadhaa. Tena kuna ahadi iliyotiwa saini: Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika Julai 1, 2010, na Kongo ikajiunga mwaka 2022. Ibara ya 7 ya itifaki hiyo inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia, kukaa na kutoka. Serikali inaweza kumzuia kwa sababu za usalama, afya au utulivu wa umma, lakini sharti iwe na sababu.

Mimi nakubali kwamba dola ina haki ya kuweka mlango na kuamua unafunguka kiasi gani. Lakini mlango uwe mpana au mwembamba, lazima atakuwepo anayeambiwa ageuke. Miongoni mwa hao atakuwepo mhalifu, atakuwepo mfanyabiashara aliyeishiwa na muda wa kibali, na atakuwepo mtu ambaye akirudi atauawa. Askari wa kizuizini hawezi kuwatofautisha kwa kuwatazama usoni, wala hatumtendei haki tunapomtwika kazi hiyo.

Warundi tunalijua hili kwa kuwa tumewahi kuwa watu wa kutofautishwa. Waliokimbia mauaji ya 1972 walipokelewa Tanzania katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakapewa ardhi, wakalima, wakazaa. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia watu wapatao 162,000 wa kundi hilo na watoto wao, tendo ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya kwa wakimbizi wengi kiasi hicho kwa mpigo mmoja. Lazima lisemwe, na lisemwe kwa shukrani, kabla ya kusema mengine.

Mengine ni haya. Waliokimbia vita iliyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 21, 1993 hawakupata bahati hiyo. Kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilifungwa Desemba 2012. Watu walihojiwa, wachache wakaonekana bado wanahitaji ulinzi, na zaidi ya 30,000 wakarejeshwa Burundi. Mwaka uliofuata, katika Operesheni Kimbunga, Warundi, Wanyarwanda na Waganda walisombwa kutoka Kagera, Kigoma na Geita. Wamo waliokuwa wameishi huko miongo mingi, wameoa huko na kuzika wazazi wao huko. Zoezi hilo lilikuwa la vyombo vya ulinzi tangu mwanzo hadi mwisho, na mtu aliyedai kuwa Mtanzania alimweleza hayo yuleyule aliyekuja kumkamata.

Kisha ikaja 2015. Mwezi Mei makumi ya maelfu ya watu walirundikana Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikaingia, na meli ya MV Liemba ikawa inawabeba kuwapeleka Kigoma. Wakati huo Tanzania iliwatambua Warundi kwa kundi: ukitoka Burundi, wewe ni mkimbizi, hakuna kuhojiwa mmoja mmoja. Utaratibu huo hutumika pale watu wanapofika kwa wingi na sababu ya kukimbia inajulikana na kila mtu. Januari 20, 2017 Tanzania iliusitisha. Tangu hapo kila Mrundi alitakiwa kueleza kisa chake mwenyewe.

Kimsingi hakuna ubaya katika hilo. Hali hubadilika, na nchi mwenyeji ina haki ya kuuliza upya. Swali ni nani anauliza, na ukikataliwa unakwenda wapi. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya 1998, maombi hupitia kamati ya taifa iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na asiyeridhika huomba mapitio kwa waziri. Wizara hiyohiyo ndiyo inayosimamia kambi, polisi na Idara ya Uhamiaji, na ndiyo iliyosaini makubaliano na Burundi ya kuwarejesha watu. Mwaka 2019 makubaliano yalifikia kusema kwamba urejeshwaji utafanyika watu watake wasitake. Oktoba 15 ya mwaka huo, kwa mujibu wa shirika la Human Rights Watch, waomba hifadhi zaidi ya 200 ambao hawakuwa wameandikishwa walishurutishwa kupanda magari ya kurudi, wakitishiwa kwamba wakibaki hawatakuwa na hadhi yoyote kisheria. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 kuhusu wakimbizi, ambao Tanzania na Burundi zote zimeuridhia, unakataza mtu kurudishwa mpakani kule ambako maisha yake yamo hatarini, na unasema kurejea nyumbani kuwe kwa hiari. Kanuni ipo, imeandikwa na Waafrika wenyewe. Kilichokosekana siku ile ni mtu huru wa kuitamka.

Ni rahisi kwa Mrundi kuyasoma hayo akilaumu jirani. Lakini Burundi nayo imefanya vilevile. Juni 2005 serikali za Burundi na Rwanda zilikubaliana kuwaita waomba hifadhi wa Kinyarwanda wahamiaji haramu, wakati wengi walikuwa wamekimbia wakihofia mahakama za gacaca. Ndani ya siku chache maelfu yao walirudishwa kwa malori, wakiwemo waliokuwa katika kituo cha Songore mkoani Ngozi. Jina lilibadilishwa kwanza, ulinzi ukaondoka pamoja nalo. Hawakusikilizwa mmoja mmoja, kwa kuwa aliyekwisha kuitwa haramu hana kisa cha kusikilizwa.

Miaka mitatu baadaye, Novemba 13, 2008, Burundi ilipata sheria ya hifadhi na ulinzi wa wakimbizi. Ni hatua kubwa na inastahili sifa. Kwa sheria hiyo tuna ONPRA, ofisi ya taifa ya wakimbizi na wasio na uraia, tuna tume inayochunguza maombi, na tuna kamati ya rufaa. Wakongomani wengi wa Bujumbura wamepata karatasi zao kwa njia hiyo, na wengine wako kambini Gasorwe, Musasa, Bwagiriza, Kavumu na Nyankanda. Bukavu ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, zaidi ya watu 60,000 walivuka kuingia Burundi, wengi kupitia mto Rusizi, ambamo baadhi walizama. Wakalala katika uwanja wa Rugombo, kisha wakahamishiwa Musenyi. Desemba mwaka huohuo M23 ikaingia Uvira, makumi ya maelfu wengine wakaja. Nchi hii, mojawapo ya zile maskini kuliko zote duniani, iliwapokea. Aliyeona akina mama wa Cibitoke wakigawana mihogo na wageni hawezi kusema Warundi hawana utu.

Lakini tume na kamati hizo ni vyombo vya utawala. Mwenye kukataliwa hakati rufaa kwa jaji. Anaomba mkono mwingine wa serikali ileile umtazame tena. Na wanaokamatwa katika misako mjini mara nyingi hawafiki hata huko. Yule wa PAFE, kama wengi wetu tunavyoendelea kuwaita polisi wa uhamiaji ingawa ofisi imebadilishwa jina, anaamua pale pale.

Je, mahakama zingesaidia kweli, au haya ni matumaini ya wanasheria? Tuna kesi za eneo letu hili za kutujibu, tena nzuri.

Aprili 2011 mwanasheria wa Kenya, Samuel Mukira Mohochi, alitua Entebbe akiwa na wenzake. Wenzake wakaruhusiwa, yeye akazuiwa, akaambiwa ni mgeni asiyetakiwa, akarudishwa Nairobi siku hiyohiyo bila kuelezwa kosa lake. Akaenda Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha. Uganda ikajitetea kwamba nchi huru ina mamlaka ya kumkataa mgeni. Mei 17, 2013 mahakama ikaamua kwamba Uganda ilivunja Mkataba wa Jumuiya na Itifaki ya Soko la Pamoja: ukishasaini, uhuru wa dola hauwezi kuwa kisingizio cha kutotimiza ulichosaini, na mtu akizuiwa apewe sababu na nafasi ya kujitetea. Kwa maoni yangu hii ndiyo hukumu muhimu kuliko zote kuhusu mipaka ya Afrika Mashariki, na inasikitisha kwamba haijulikani hata kwa madereva wa mabasi na wafanyabiashara wanaovuka mpaka wa Kobero kila wiki.

Kesi ya pili ni nzito zaidi. Anudo Ochieng Anudo alizaliwa mwaka 1979 na kukulia Tanzania, akawa na hati ya kusafiria na kitambulisho cha mpiga kura. Mwaka 2012 alikwenda polisi kushughulikia taratibu za ndoa yake, uraia wake ukatiliwa shaka, pasipoti ikachukuliwa. Septemba 2014 akafukuzwa kwenda Kenya. Kenya ikasema huyu si wetu, ikamrudisha. Akabaki kati ya Sirari na Isebania, katika kipande cha ardhi kisicho cha nchi yoyote, akiishi humo miaka. Machi 22, 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo iko Arusha, iliamua kwamba alinyang'anywa uraia na kufukuzwa kiholela, na kwamba mtu aliyekuwa ameshika nyaraka za nchi miaka yote hiyo hawezi kuachiwa yeye peke yake mzigo wa kuthibitisha. Serikali inayokana ndiyo ithibitishe. Ikaongeza jambo ambalo kila mbunge wa eneo hili angepaswa kulisoma mara mbili: sheria ya uraia haikumpa njia ya kwenda mbele ya jaji, na ukosefu huo wenyewe ni uvunjaji wa haki. Ikaiagiza Tanzania irekebishe sheria.

Kenya nako, Julai 26, 2013, Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu alibatilisha agizo la serikali la kuwaondoa wakimbizi wote wa mijini na kuwapeleka Dadaab na Kakuma. Februari 2017 Jaji John Mativo akazuia kufungwa kwa Dadaab yenyewe. Serikali ilikuwa imetaja ugaidi, na ugaidi ulikuwepo kweli, Wakenya walikuwa wamezika watoto wao waliouawa Garissa. Majaji hawakuukana. Walichosema ni kwamba kosa la mtu haliwezi kubebeshwa taifa zima la wakimbizi bila ushahidi dhidi ya kila mmoja. Kambi haikufungwa, na dola ya Kenya haikuanguka.

Ughaibuni nako kuna la kujifunza. Ubelgiji, ambako Warundi wengi waliomba hifadhi, hasa walipokuwa wakiingia Ulaya kupitia Serbia kabla ya Serbia kuwafungia safari bila viza Oktoba 2022, ombi huamuliwa na kamishna, na rufaa husikilizwa na baraza huru la majaji wa kesi za wageni. Desemba 2022 majaji watatu wa baraza hilo waliamua kwamba, kwa hali ya wakati ule, Mrundi kupita tu Ubelgiji na kuomba hifadhi kulitosha kumtia hatarini akirudishwa. Kamishna hakukubaliana na mtazamo huo. Kutokubaliana kwao ndiko kunakonipa imani: chombo kinachokataa na chombo kinachopitia si kimoja.

Marekani ni mfano wa kuangaliwa kwa tahadhari. Kule "majaji" wa uhamiaji ni watumishi wa Wizara ya Sheria, bosi wao ni Mwanasheria Mkuu wa serikali, na mwaka 2025 wengi wao waliachishwa kazi huku mashauri zaidi ya milioni tatu yakisubiri. Mtu asiye na pesa za wakili husimama peke yake, hata akiwa mtoto. Jengo linaitwa mahakama lakini funguo zake ziko kwa anayefukuza. Rwanda, jirani yetu, ilitufundisha somo la karibu na hilo kupitia Uingereza. Novemba 15, 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikataa mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Kigali, na mojawapo ya mambo iliyoyaona ni kwamba haki ya kukata rufaa Mahakama Kuu ya Rwanda, iliyoandikwa mwaka 2018, ilikuwa bado haijajaribiwa na mtu yeyote. Rufaa isiyojulikana na isiyofikika haimlindi mtu.

Basi zipo hoja dhidi yangu, na ninaziheshimu. Wapo wanaosema watu 60,000 wakivuka mto kwa wiki chache, jaji gani atawasikiliza? Hakuna, wala si lazima. Kutambua kwa kundi kuliwekwa kwa ajili ya siku kama hizo. Jaji anahitajika siku ya kuwaondoa, ambayo serikali huichagua yenyewe na hivyo ina muda wa kujiandaa. Wapo wanaosema mhalifu atajificha nyuma ya rufaa. Anaweza kuzuiliwa rumande huku akisikilizwa, kama anavyozuiliwa mwizi raia, ambaye hatumfungi bila hakimu.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya tatu: kwamba majaji wetu wenyewe si huru. Mei 2015 Sylvère Nimpagaritse, makamu wa rais wa Mahakama ya Katiba, alikimbilia Rwanda kabla ya mahakama hiyo kuidhinisha muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, akieleza kwamba majaji walitishwa. Kitengo cha Rufaa cha Mahakama ya Afrika Mashariki kilikuja kuamua kwamba uamuzi ule ulikiuka Mkataba wa Jumuiya, lakini hiyo ilikuwa Novemba 2021, na Nkurunziza alikuwa ameshafariki. Siwezi kudai kwamba nchi ambayo jaji wake alikuwa mkimbizi itampa mkimbizi jaji mwema kesho asubuhi. Nadai tu kwamba hata jaji mwoga huandika sababu za uamuzi wake, na sababu zilizoandikwa zinaweza kupelekwa Arusha. Uamuzi wa kizuizini hauachi hata karatasi.

Na Arusha penyewe pana vikwazo vya kuondolewa. Mahakama ya Afrika Mashariki hupokea malalamiko ndani ya miezi miwili tu tangu tukio. Miezi miwili, kwa mtu aliyetupwa ng'ambo ya mpaka bila simu wala nauli! Mahakama ya Afrika haiwezi kupokea kesi ya mtu binafsi mpaka nchi husika itoe tamko la kukubali. Rwanda ililiondoa tamko lake mwaka 2016, Tanzania ikatangaza kuliondoa Novemba 2019, mwaka mmoja na miezi kadhaa tu baada ya hukumu ya Anudo.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wanaokaa Kigobe waifungue tena sheria ya 2008 na kuandika humo kwamba hakuna anayeondolewa Burundi kabla hajapewa sababu kwa maandishi na kusikilizwa na jaji wa mahakama ya utawala, na kwamba rufaa husimamisha safari. Nawaomba mawakili wa Bujumbura wapangiane zamu kwa ajili ya wanaokamatwa kwenye misako. Nawaomba wakuu wa Jumuiya wairefushe ile miezi miwili. Burundi imekwisha kuridhia itifaki iliyounda Mahakama ya Afrika, lakini haijatoa tamko la kuwaruhusu watu binafsi kuifikia. Itifaki inasema tamko hilo linaweza kutolewa wakati wowote.